Vipeperushi nimegawa, bango nimetundika, simu hazilii: kazi ya kuziba vioo vya mbele inatangazwaje?

#1 Fundi Kioo

Wakuu, salaam.

Nina kazi ndogo ya kuziba vioo vya mbele vya magari vilivyopigwa na jiwe. Sibadilishi kioo, naziba. Namfuata mteja alipo, nafunga kifaa juu ya alama, nanyonya hewa iliyoingia kwenye mpasuko, nasukuma resini, yaani gundi ya majimaji, mpaka ijae, nakausha kwa taa ya UV, nakwangua ziada na kung'arisha. Alama ya kawaida inachukua kama nusu saa na gari linaondoka papo hapo.

Kazi naiweza na niliowahudumia wameridhika. Shida ni kuwapata. Nimegawa vipeperushi kwenye maegesho, nimetundika bango barabarani, nimelipia matangazo ya Facebook. Watu wanapenda posti, wanaweka dole gumba, wanapita. Kipeperushi kinasema: "Tunakarabati vioo vya magari kwa ubora wa hali ya juu na bei nafuu."

Rafiki yangu mmoja anashikilia kwamba biashara hii haitangaziki, kwa kuwa hakuna mtu anayeamka asubuhi akiwaza kioo cha gari. Mimi sikubali. Mnaonaje, tatizo ni maneno, ni mahali, au ni kazi yenyewe?

#2 Mzee wa Spana

Anza na hayo maneno, kijana. "Ubora wa hali ya juu na bei nafuu" kila mtu ameandika hivyo, kuanzia muuza matairi mpaka muuza magodoro. Futa neno "vioo" uone kama kuna mtu atajua unafanya nini.

#3 Dereva wa Masafa

Niseme kama mteja. Alama niliyokuwa nayo kwenye kioo ilikuwa ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, chini upande wa abiria. Nilitembea nayo muda mrefu bila wasiwasi, kwa sababu nilijua kioo kikishapigwa dawa yake ni moja tu, kubadilisha, na kubadilisha kioo kizima kwa kitu kidogo vile haikuniingia akilini. Asubuhi moja ya baridi kali nikawasha hita ya kioo kwa nguvu zote. Nikaona mstari unaanza kwenye ile alama na kutembea polepole kuelekea katikati, mbele ya macho yangu, mimi nimekaa tu na usukani.

Kipeperushi chako ningekiona siku zile nisingekisoma. "Tunakarabati vioo" ningeelewa wanabadilisha.

#4 Mtu wa Matangazo

Dereva hapo juu amejibu swali lote. Wateja wako wapo, ila hawajui kwamba alama inazibika. Unamnadia mtu suluhisho la kitu ambacho hajui kina suluhisho. Kwa hiyo tangazo lako kazi yake ya kwanza ni kufundisha, bei baadaye.

Angalia wakubwa wa kazi hii. Belron ndiyo mama wa Carglass kule Ulaya, Autoglass ya Uingereza na Safelite ya Marekani. Matangazo yao ya redio yanayojulikana sana hayana vichekesho wala wasanii. Fundi mwenyewe anaongea: mimi ni fulani, nafanya kazi hapa, ukiwa na alama ndogo ya jiwe usingoje igeuke ufa, inazibwa hivi na hivi. Basi. Wamerudia maneno yale yale miaka na miaka.

Na sababu ya kuzibika ni rahisi kueleza. Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyobanwa pamoja na utando wa plastiki katikati, uvumbuzi wa Wamarekani wa miaka ya 1920. Jiwe mara nyingi linavunja kioo cha nje tu, cha ndani kinabaki kizima. Chora mchoro huo kwenye posti, mtu ataelewa kwa kutazama mara moja.

#5 Binti Karakana

Mtu wa Matangazo, nakubaliana na hoja yako ila historia hiyo irekebishwe. Mvumbuzi ni Mfaransa, mkemia Édouard Bénédictus. Inasimuliwa kwamba mwaka 1903 chupa ya maabara ilimwanguka, ikapasuka lakini vipande vikabaki vimeshikana, kwa sababu ndani palikuwa na utando wa selulosi nitrati iliyokauka. Hataza aliomba mwaka 1909. Utando wa PVB, aina ya plastiki, tunaouona leo ulikuja baadaye, miaka ya 1930.

Fundi Kioo, kisa hicho chenyewe ni posti nzuri. Watu wanasoma kisa kuliko wanavyosoma tangazo.

#6 Mtu wa Matangazo

Ahsante kwa masahihisho, Binti.

#7 Mpiga Hesabu

Mimi napingana na #4. Kufundisha umma ni kazi ya mwenye mfuko wa Belron. Fundi mmoja mwenye begi la vifaa akianza kufundisha mji mzima, atakaowafundisha wataenda kwa mwenye bango kubwa.

Hebu mfikirie anayeiona posti yako ya Facebook. Wengi kioo chao ni kizima. Watapenda posti na kusahau, na jiwe litawapiga baada ya miezi. Siku hiyo hawatakumbuka jina lako, wataandika kwenye simu "kuziba kioo cha gari" na kumpigia wa kwanza kutokea. Kwa hiyo swali si utawaambia nini leo. Swali ni siku ile watakukuta wapi.

Fungua wasifu wa biashara kwenye Google, ile huduma iliyokuwa ikiitwa Google My Business hadi 2021. Kwa kuwa unamfuata mteja, huhitaji kuonyesha anwani. Unaificha na kutaja maeneo unayofika. Weka saa za kazi za kweli, namba unayopokea mwenyewe, na picha za kazi zako halisi. Wasifu haulipiwi. Na kila simu ikiingia, kabla hujataja bei, uliza: umetupata wapi? Andika jibu daftarini. Bila daftari hilo, ubishi wote wa uzi huu ni hisia tupu.

#8 Nyundo

Mpiga Hesabu, hesabu zako zina tundu. Anayeingia mtandaoni kutafuta ni yule ambaye ufa umeshafika katikati ya kioo, kama Dereva wa #3. Huyo anahitaji kubadilishiwa, na mleta mada habadilishi. Mwenye alama ndogo hatafuti, kwa sababu alama ndogo haimsumbui. Gari linawaka, wipa zinafanya kazi, anaona barabara. Ni kama jino lililotoboka ambalo bado halijauma.

Mteja wa huyu fundi ni yule asiyetafuta. Hapo Google inakusaidiaje?

#9 Mpiga Hesabu

Inamsaidia kwa wale wachache wanaotafuta mapema, na wapo. Na huyo mwenye ufa mkubwa si hasara. Mpeleke kwa fundi wa kubadilisha mnayeelewana, naye akuletee zile alama ndogo ambazo kwake ni usumbufu.

#10 Meneja wa Magari

Naona mnagombania mteja mmoja mmoja. Mimi nasimamia magari ya kampuni, na nitawaambia kinachotokea upande wetu.

Vipeperushi vinaletwa mapokezi na vinaishia mapokezi. Barua pepe za "tunatoa huduma bora" nazifuta bila kufungua. Fundi wa vioo ninayemtumia sasa alinipata bila tangazo lolote. Alipiga simu akauliza siku gani magari mengi yanalala uani, akaomba ruhusa aje kuyakagua bure. Alikuja mapema kabla madereva hawajatoka. Alipita gari kwa gari na tochi, akiishika pembeni ya kioo ili mwanga upite kwa ulalo. Sikuwa nimejua kwamba hivyo ndivyo alama ndogo zinavyong'aa. Kila alipoona alama alibandika juu yake stika ya mviringo ya plastiki angavu, ili vumbi na maji visiingie, kwa sababu mpasuko ukishashika uchafu resini haikai vizuri. Mwisho akanipa karatasi moja: namba za magari, mahali alama ilipo, ipi inazibika leo, ipi imeshachelewa.

Hakuniuzia chochote siku ile. Ile karatasi ndiyo iliyouza. Sikuwa na hoja ya kumpinga, magari ni yangu na alama nimeziona kwa macho.

Mambo mengine aliyofanya vizuri: anafanya kazi magari yakiwa yamelala, haniondolei gari barabarani, na ankara inakuja moja mwisho wa mwezi ikiwa na picha za kabla na baada kwa kila gari. Mhasibu wangu anampenda kuliko mimi ninavyompenda.

Fundi Kioo, tafuta watu kama mimi watatu au wanne na uachane na maegesho. Wenye teksi, wenye malori ya kokoto, shule zenye mabasi, wauza magari yaliyotumika. Hao wa mwisho wanataka kioo kisafi kabla mnunuzi hajafika.

#11 Mzee wa Spana

Hapo kwenye wauza magari ongeza kitu. Wanataka bei ya chini sana na wanalipa wakishauza. Usiwategemee hao peke yao, utafanya kazi mchana kutwa na mfuko mtupu.

#12 Fundi Kioo

Meneja, nashukuru sana, hii ya kukagua uani sikuwahi kuiwaza. Stika hiyo alikuwa ameandika chochote juu yake?

#13 Meneja wa Magari

Haikuwa na maandishi. Sasa unavyouliza, ningekuwa yeye ningeweka namba ya simu.

#14 Mtu wa Matangazo

Hapo pana dhahabu! Chapisha stika ndogo angavu zenye namba pembeni, gawa bure mbili mbili, mtu aweke kwenye sanduku la dashibodi. Kipeperushi kinatupwa siku hiyo hiyo, lakini stika yenye kazi inatunzwa. Jiwe likipiga, anabandika, na namba yako iko pale pale penye tatizo. Hata Nyundo na Mpiga Hesabu wanapatana hapo: umemfundisha mapema, na siku ya tukio anakukuta.

#15 Fundi wa Zamani

Stika ni nzuri, ila mwambie mtu ni ya muda na asibandike mbele ya macho ya dereva. Akibandika katikati ya uso wake na kuendesha usiku, umemletea hatari.

Nina la kuongeza kuhusu picha, maana nimeona mafundi wengi wakijiharibia hapo. Picha ya kabla ipigwe na kitambaa cheusi nyuma ya kioo, ya baada ipigwe na kitambaa kile kile, pembe ile ile, mwanga ule ule. Ukipiga ya kabla na kitambaa na ya baada ukielekeza angani, alama itaonekana imetoweka, na anayejua kazi atakuona mwongo. Anayekuja baada ya kuona picha hiyo atatarajia kioo kipya. Resini inarudisha uimara na kuondoa sehemu kubwa ya ule weupe, lakini kovu dogo mara nyingi linabaki. Mwambie hivyo kabla hujafungua begi. Neno "kitatoweka kabisa" lisionekane kwenye tangazo lako.

Taja pia usichoziba. Vioo vya pembeni vya magari mengi vimeimarishwa kwa joto, vikipigwa vinamwagika punje punje, hakuna cha kuziba pale. Ufa uliofika ukingoni, uache. Alama iliyo mbele ya kamera ya usaidizi wa dereva, uache. Na alama iliyo moja kwa moja mbele ya macho ya dereva ina masharti makali. Uingereza, kwenye MOT, ule ukaguzi wa lazima wa magari wa kila mwaka, uharibifu unaozidi milimita 10 katika eneo lililo mbele ya dereva unaliangusha gari, na sehemu nyingine inayofutwa na wipa kikomo ni milimita 40. Marekani kuna kiwango cha ROLAGS kinachoeleza ukubwa wa kila aina ya mpasuko unaozibika. Jua sheria ya unapofanyia kazi, uiandike kwa maneno mepesi.

#16 Nyundo

Mzee, tangazo lenye masharti yote hayo nani atalisoma?

#17 Fundi wa Zamani

Atalisoma mwenye alama. Akikuta umeandika "hii siwezi", ataamini pale ulipoandika "hii naweza". Na hutasafiri kwenda kuangalia ufa wa mkono mzima.

#18 Nyundo

Bado nasema bango liwe na maneno matano. Masharti ayakute kwenye simu.

#19 Wakala wa Bima

Hamjagusa bima kabisa. Kuna nchi ambazo kampuni za bima huwaondolea wateja ile sehemu wanayochangia wenyewe iwapo kioo kitazibwa badala ya kubadilishwa, kwa sababu kuziba ni gharama ndogo kwao. Pale ambapo iko hivyo, hilo ndilo tangazo lenyewe: "huenda bima yako inalipa yote". Nenda kwa mawakala na uwaachie kadi. Wao ndio wanaopigiwa kwanza.

Lakini angalia mdomo. Usiahidi kwa niaba ya kampuni ya bima, na usigawe zawadi ili mtu adai bima. Florida wameshapitia huko. Mafundi waligawa kadi za zawadi kwenye maegesho ili watu wadai vioo, kesi zikafurika mahakamani, na mwaka 2023 sheria ikapiga marufuku vishawishi hivyo.

#20 Binti Karakana

Mbona hakuna aliyetaja waosha magari? Wao wanagusa kioo kila siku kuliko mtu yeyote. Mwosha magari akipitisha mkono wenye povu, kucha inakwama kwenye alama hata kama jicho halijaiona. Fundi Kioo, usiongee na mwenye eneo tu, ongea na yule aliyeshika kitambaa. Mfundishe tofauti ya alama inayozibika na isiyozibika, mpe chake kila mteja anapopatikana.

#21 Mzee wa Spana

Umpe chake kwa mteja aliyezibiwa, usimlipe kwa alama aliyoiona! Ukilipa kwa kila alama, atatokea mmoja wa kuzitengeneza. Na uwaombe wasimwagie maji baridi kioo kilichokaa juani, ndipo alama zinapogeuka nyufa.

#22 Mgeni Njia

Mimi ni msomaji tu, nauliza: kwa nini asiwape punguzo wateja wanaompa nyota tano Google? Atapanda juu haraka.

#23 Mpiga Hesabu

Mgeni, usimwingize shimoni. Google inakataza kutoa punguzo au zawadi kwa ajili ya maoni, na inakataza pia kuwachuja ili walioridhika tu ndio waombwe. Vilevile usijaze jina la biashara na maneno kama "kuziba vioo haraka karibu nawe". Jina liwe lile linaloonekana kwenye bango lako, la sivyo wasifu unaweza kusimamishwa.

Nyota zinaombwa kwa wakati unaofaa, basi. Mteja akishalipa, ataingia kwenye gari, ataketi, ataitafuta alama kwa macho na kuikosa, au ataiona kwa shida. Hapo hapo mtumie kiungo kwa WhatsApp na useme: nitafurahi ukiandika ulichokiona. Akishafika nyumbani amesahau. Na maoni mabaya yajibu kwa upole. Anayesoma baadaye anakupima kwa jibu lako.

#24 Dereva wa Masafa

WhatsApp umesema kweli. Mimi nisingempigia fundi kuuliza bei, ila picha ningetuma. Andika kwenye tangazo: "Tuma picha ya alama, nitakwambia kama inazibika." Sarafu iwekwe pembeni ya alama ili ukubwa ujulikane.

#25 Fundi wa Zamani

Hilo nalikubali mia kwa mia. Sarafu isikae juu ya alama, wapo wanaoifunika.

#26 Mgeni Njia

Nje ya mada kidogo: kwa nini asiongeze kung'arisha taa za mbele zilizopauka? Vifaa si mbali na alivyo navyo.

#27 Meneja wa Magari

Aongeze akitaka, ila aje kwangu kama mtu wa vioo. Anayeleta orodha ya huduma kumi simwamini hata moja.

#28 Mzee wa Spana

Meneja anaongea kwa upande wake. Mtu binafsi akiwa ameshasimamisha gari nusu saa, taa zikang'arishwa hapo hapo, atafurahi na atalipa. Tangaza kioo, taa zitaje ukiwa naye.

#29 Fundi Kioo

Shukrani zenu wote. Nimeshaanza kupiga simu za uani kama alivyosema Meneja, wawili wamenipa siku. Sasa nataka kuchapisha stika. Nafasi ni ndogo. Niandike nini?

#30 Nyundo

"Usingoje ufa." Na namba.

#31 Mtu wa Matangazo

"Alama ya jiwe inazibika." Asiyejua hilo, "usingoje ufa" haitamwambia kitu.

#32 Dereva wa Masafa

"Tuma picha" na namba. Mimi ndiye nitakayeisoma, si ninyi.

#33 Mpiga Hesabu

Chapisha mbili tofauti, nusu yenye maneno ya Nyundo na nusu ya Mtu wa Matangazo, kila moja na laini yake ya simu. Baada ya muda daftari litasema ipi inaleta watu.

#34 Mzee wa Spana

Laini mbili zitamchanganya, na stika inakaa kwenye gari miaka. Akiacha laini moja, mteja atapiga kwenye simu iliyokufa. Namba iwe moja. Atofautishe ukingo, moja wa bluu na nyingine wa njano, halafu mteja akipiga amuulize stika yake ina ukingo wa rangi gani.